Silvanus na Samaki Wasioliwa

Watu wa Voi wakisimulia habari za mume wangu husema aligongwa na lori. Si kweli. Lori lilikuwa limesimama, dereva anakunywa chai. Silvanus aliangukiwa na gunia la kabeji. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kusahihisha watu njiani, na wale wa huku mlimani Werugha, wanaoujua ukweli, walicheka mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kuangushwa na kabeji! Na kabeji zenyewe zilikuwa zetu, za shamba letu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, wakati wa mvua za Novemba. Vijana wa kupakia walikuwa wakirushiana magunia, moja likawaponyoka kule juu, likamshukia Silvanus shingoni, naye akaenda chini na kichwa kikakutana na jiwe. Alilazwa Mombasa muda mrefu, hata nikalizoea lile joto lao. Alipopata fahamu hakujua kijiko kinashikwaje. Mkono wa kulia ulitetemeka, na mguu ulikuwa ukimfuata nyuma polepole. Hayo daktari alikuwa ametueleza. Lakini alitueleza na jambo jingine, kwamba kichwa kikipigwa namna ile, kile kinachomzuia mtu kusema kila analowaza kinaweza kulegea. Mimi nikasema moyoni, kama ni hilo tu, basi Mungu ni mwema. Kumbe sikujua ninachokisema.

Lazima nieleze kwanza Silvanus Mwandawiro alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa msemaji wa posa. Kwetu sisi posa haisemwi wazi. Wageni wakija kuomba binti husema walikuwa wanapita tu, ndama wao amepotea na nyayo zimeelekea huku. Mwenye nyumba naye hujifanya haelewi, huuliza ndama ana rangi gani, na maneno huzungushwa hivyo mpaka jua linainama, na atakayetaja ndoa wa kwanza ndiye aliyekosa adabu. Kwa kazi hiyo mume wangu hakuwa na mwenzake. Walimwita hata Rukanga, kule chini ya mlima wa Kasigau, na barabara ile mnaijua. Aliweza kumkataa kijana mbele ya wazee wake, kijana akarudi nyumbani anashukuru kwa mapokezi, halafu kesho yake akiwa shambani na jembe ndipo aelewe kuwa amekataliwa.

Na nyumbani alikuwa vile vile. Ugali ukiungua, alisema leo moto umefanya kazi. Nikimuuliza kama nguo mpya imenikaa vizuri, alisema fundi amejitahidi. Mimi ni mtu wa mdomo, sifichi. Nikikasirika kijiji kizima hupata habari. Tukaishi hivyo, mimi nasema yangu na yake, yeye anatabasamu, na kusema kweli sikuwahi kujua ananionaje. Nimezaa naye watoto, nimelima naye matuta yote yale, na sikujua.

Basi akarudi kutoka hospitali. Jumapili ya kwanza mchungaji akamwomba asimame ili tumshukuru Mungu pamoja. Akasimama, nimemshika kiwiko, akamshukuru Mungu vizuri kabisa. Halafu akamgeukia mchungaji akamwambia mahubiri ya leo yalikuwa yameisha pale katikati, sasa yale mengine yalikuwa ya nini? Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Tulipotoka nje, jirani yetu Mable, ambaye alikuwa akituuzia maziwa, akaja kumpa mkono na pole. Silvanus akamshukuru, kisha akamwambia maziwa yake ya wiki ile yalikuwa na kiluwiluwi.

Na ubaya ni kwamba hakudanganya. Sote tulijua mahubiri ni marefu, na sote tulijua Mable anapitia mtoni kabla ya kutuletea maziwa. Lakini watu huishi pamoja kwa kutosema mambo kama hayo. Kwa hiyo mimi Jedidah, ambaye sikuwahi kumwomba mtu msamaha hata nilipokosa, nikawa nazunguka kijijini na vikapu vya viazi nikiomba radhi kwa niaba ya mume. Watu walifurahi mno kuniona nimeinama. Wengine walijifanya wametukanwa ili mradi niwatembelee.

Tungeendelea hivyo mpaka viazi viishe, lakini binti yetu Margaret, aliyekuwa akifundisha Voi, akaja na habari zake. Kuna kijana, mwalimu mwenzake, Mkamba, anaitwa Mwendwa. Baba yake ni Mzee Nzomo, mwenye duka la nafaka pale Voi. Wazee wanataka kupanda mlima baada ya mavuno. Nilimtazama mtoto wangu, nikaona jinsi anavyolitamka jina la yule kijana, nikajua mambo yameshafika mbali. Silvanus naye akamwambia ni vizuri, maana alikuwa ameanza kuwa mkali kama mama yake.

Usiku sikulala. Posa, tena na watu wa mbali wasiotujua, ndani ya nyumba ya mtu anayesema kila kitu! Angemwambia mmoja ana pua kubwa na mwingine ananuka jasho, nao wangeshuka Voi wakamtafutie kijana wao mke mwingine. Fanuel, mdogo wake Silvanus, akaja na shauri lake. Siku ile Silvanus afichwe kwa jamaa, wageni waambiwe amesafiri, na yeye Fanuel ndiye awe msemaji. Ilikuwa akili nzuri. Nilikuwa tayari kukubali, lakini Margaret akasimama. Akasema Baba asipokaa mahali pake, hakuna posa na hakuna harusi, Mwendwa aoe kwingine. Akisimama vile najua ni mtoto wangu mimi, na hakuna wa kumgeuza.

Kwa hiyo kazi ikawa moja tu: Silvanus ajifunze kufunga mdomo kabla ya mavuno.

Pale kwenye zahanati yetu kulikuwa na dresa mmoja, Elijah, Mtaveta aliyekulia kando ya Ziwa Jipe. Yeye ndiye aliyekuwa akimnyoosha Silvanus mkono na kumpa mpira wa kufinya. Nilipomlilia shida yangu, akafikiri kidogo, akasema mgonjwa huyu anahitaji kazi ya vidole, kazi ya kungoja, na kazi ambayo ukisema unaiharibu. Akasema kwao kazi hiyo ipo, inaitwa kuvua samaki. Nikamwambia Elijah, mwanangu, tazama nje. Huu ni mlima. Hapa kuna ukungu na ng'ombe.

Akanikumbusha bwawa. Kweli, kulikuwa na bwawa kule bondeni. Watu wa serikali walilichimba mara tu baada ya Uhuru, wakaleta samaki ndani ya mapipa, wakatuhutubia juu ya afya, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyewagusa wale samaki. Mama mkwe wangu alisema ni nyoka waliokatwa mkia, na wa rika lake wote walisema hivyo. Kwa hiyo samaki walibaki mle majini miaka yote, wananenepa, hawajui mashaka ya dunia.

Elijah akatuletea mshipi na ndoana. Boya akatengeneza kwa kigunzi cha mahindi. Siku ya kwanza Silvanus alishinda akijaribu kufunga ndoana kwenye mshipi. Vidole vilikataa. Alivitukana kimoja kimoja, akaitukana na ndoana, akamtukana na Elijah, ambaye aliendelea kutafuna muwa wake. Nilitaka kumfungia, Elijah akaniambia niache. Jioni fundo lilikuwa bado, na mimi nilirudi nyumbani nimekasirika na serikali, na Taveta nzima, na kabeji.

Lakini kesho yake Silvanus mwenyewe ndiye aliyeuliza, tunakwenda saa ngapi?

Alipofaulu kufunga, ikaja kazi ya kungoja. Elijah alimweleza sheria ni moja: samaki husikia, ukisema wanakwenda. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui, sijawahi kuwa samaki. Silvanus akatupa mshipi, akakaa, akaniambia maji yananuka. Boya likatulia. Akaniambia Fanuel alichukua jembe la marehemu baba na hakulirudisha. Boya likatulia. Akaniambia kilemba changu kimekaa upande. Tukarudi mikono mitupu.

Ilipita wiki nzima bila samaki. Watu walikuja kusimama juu ya ukingo kututazama, maana huku hakuna sinema. Walimtazama mzee wa kanisa akivua nyoka. Nami sikunyamaza. Niliwajibu wote, mmoja mmoja, na majina ya baba zao. Hapo Elijah akashuka bondeni, akanipigia magoti kwa heshima, akasema polepole kwamba amechunguza jambo hili kama mtu wa tiba. Silvanus sasa anaweza kunyamaza kitambo kizuri. Anayefukuza samaki ni mimi.

Nilikasirika sana. Nikataka kuondoka, lakini Silvanus hangeweza kuachwa peke yake kando ya maji na mguu ule. Basi nikabaki, nimejiziba mdomo kwa pindo la kanga, kweli kabisa, nimeuma nguo. Nilifikiri nitapasuka. Mtu akipita juu akisema neno la kijinga, nililisikia likipita na siwezi kulijibu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimebeba kuni tangu utoto.

Ndipo boya likazama. Silvanus akavuta, na samaki akatoka, mpana kama kiganja cha fundi mawe, anapigapiga. Mimi nilipiga kelele nikakimbia, sifichi. Silvanus alimtazama yule samaki machoni muda mrefu. Kisha akamwambia kila kitu. Alimweleza kwamba ana sura mbaya, kwamba ana mdomo kama wa mchungaji anayetaka kuendelea, kwamba mke wa Fanuel hupika vibaya, kwamba Mable ni mwizi wa maziwa. Yote ya wiki nzima yakamwagika. Samaki akafumbua kinywa na kufumba, hakukasirika. Silvanus akamrudisha majini, akafuta mikono, akakaa kimya mpaka jua likageuka.

Hapo ndipo tulipopata dawa. Aliyasema yale yale, ila sasa yalichelewa. Alijifunza kuyaweka mpaka boya lizame. Kanisani nilikuwa namwona anafungua mdomo, anamtazama mchungaji, halafu mdomo unafungika, na jicho linabaki mahali pamoja kana kwamba kuna maji mbele yake. Jumatatu mapema alikuwa bondeni. Mkono nao ukatulia kwa kufunga mafundo, hata akaanza kujifungia vifungo vya shati. Elijah alipoona samaki wanarudishwa majini alitikisa kichwa kwa uchungu, akaomba apewe wale wakubwa. Siku moja akawakaanga pale pale ukingoni. Silvanus akala, akasema ni watamu kuliko kuku wangu. Mama mkwe alipopata habari alihama kwa siku kadhaa akaenda kukaa kwa Fanuel.

Kabla ya mavuno Margaret akamleta Mwendwa atusalimie. Tulikuwa bwawani. Kijana alikuwa mrefu, amevaa suruali pana za wakati ule, zinafagia nyasi. Silvanus akamtazama, akasema shati ni zuri, masikio ni makubwa, kaa hapo. Mwendwa akakaa. Alikaa na zile suruali kwenye matope, hakuuliza kitu, hakujisifu, hakukohoa, mpaka tukapanda kwenda kula. Silvanus hakusema neno juu yake siku ile. Nilimuuliza njiani amemwonaje, akaniambia bado anaangalia.

Siku ya posa ikafika. Ukungu ulikuwa umeshuka, na gari lao aina ya Peugeot lilikwama kwenye ile kona ya mwisho, wazee wa Voi wakashuka wakalisukuma, wakaingia kwangu na viatu vyenye kilo ya udongo kila mguu. Mzee Nzomo alikuwa mnene, mpole, anahema. Tulikuwa tumepatana kwamba Fanuel ndiye atakayesema. Silvanus atakaa kwenye kiti chake cha katikati, atasalimu, basi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni ambapo ananiona. Margaret alikuwa nyuma yangu, ameshika mgongo wa nguo yangu kama alivyokuwa akifanya zamani tukivuka mto.

Mzee Nzomo akaanza. Akasema walikuwa wanapita tu.

Wanapita! Kutoka Voi, kupanda mpaka Werugha, na gari kusukumwa, wanapita kwenda wapi? Juu yetu kuna mawingu peke yake. Niliona mdomo wa Silvanus unafunguka. Fanuel aliona. Mdomo ukabaki wazi kidogo, kisha ukafungika. Mzee Nzomo akaendelea na ndama wake aliyepotea, rangi yake, macho yake, jinsi anavyotembea, na Fanuel akajibu kwa mizunguko mirefu ambayo si mizuri, maana Fanuel hana kipaji, na kila mzunguko nilimwona Silvanus anafungua na kufunga. Jasho lilimtiririka kwenye kovu la lile jiwe. Mkono wa kulia ulishika goti. Nilimhurumia mume wangu siku ile kuliko siku aliyolala hospitalini.

Ikawa karibu tumalize. Halafu Mzee Nzomo akasogea mbele kwenye kiti, akashusha sauti. Akasema wamesikia kwamba upepo ulipiga paa la nyumba hii. Wao hawajui, ni kusikia tu. Ila mtu akitaka kuunganisha paa lake na la mwenzake hupenda kujua kama ule ulikuwa upepo wa siku moja, au ni upepo wa ukoo.

Sote tulielewa. Alikuwa anauliza kama kwetu kuna wazimu. Kama wajukuu wake watazaliwa nao. Fanuel akaanza kusema upepo gani, huku hakujavuma upepo. Nyuma yangu mkono wa Margaret ulikaza nguo mpaka ikanibana kooni. Mimi tayari nilikuwa na maneno ya kumpeleka Mzee Nzomo Voi bila gari. Nilishainua mguu.

Silvanus akanyanyua kiganja kuelekea kwangu, kile kile kilichokuwa kikitetemeka. Nikasimama. Akangoja. Alingoja mpaka Fanuel akaishiwa, mpaka vikombe vikatulia kwenye visahani, mpaka Mzee Nzomo mwenyewe akamgeukia.

"Mzee Nzomo," akasema, "hilo paa ni kichwa changu. Liliangukiwa na kabeji. Si ukoo, ni kabeji. Tangu siku ile nasema kitu kama kilivyo, na ndugu zangu wameniomba ninyamaze leo. Nimenyamaza mpaka mgongo unaniuma. Sasa nitasema jambo moja. Hakuna ndama. Yule mnayemtaka yuko jikoni, ni binti yangu, na mimi sitaki aende. Niliposhindwa kushika kijiko, yeye aliacha kazi kwa muda akaja kunilisha, na nikimtemea alinifuta. Kijana wako nimemwangalia. Anajua kukaa na mtu bila kumharakisha. Kwa hiyo nitampa. Lakini akilia huko Voi nitajua, na nitakuja kusimama mbele ya duka lako niseme yote nitakayoyaona."

Fanuel alifunika uso. Kwa desturi yetu, alichokifanya kilikuwa sawa na kuvua nguo mbele ya wakwe.

Mzee Nzomo akatazama viatu vyake vya udongo. Kisha tumbo likaanza kucheka kabla yake, akacheka mpaka akatoa kitambaa, na kile kitambaa akakitumia machoni muda mrefu kuliko kicheko kilivyohitaji. Akasema naye ana binti aliyemwoza Kitui. Siku ile wazee walizungumza ng'ombe tangu asubuhi mpaka jioni, yeye akiwa ndiye mwenye kusifiwa kwa mafumbo, na mpaka leo hajapata nafasi ya kusema kwamba hakutaka aende. Akainuka, akampa Silvanus mikono miwili. Akamwita ndugu. Nyuma yangu nguo ikalegea, na Margaret akaanza kulia kwa sauti, akanilowesha mgongo.

Wageni walipoondoka, gari likisukumwa tena, Silvanus akatoka kukaa kwenye benchi nje. Nikamletea chai. Jua lilikuwa limetoboa ukungu kidogo. Nilikuwa nimesikia aliyoyasema juu ya Margaret, na nilifurahi, na niliona wivu, nakiri. Sasa nilikuwa na mume asiyeweza kudanganya hata akitaka, na kwa miezi yote ile, mimi niliyeuliza watu maswali ya kila aina, nilikuwa nimeliogopa swali moja. Nikalisema bila kumtazama.

"Na mimi je, Baba Margaret? Mimi unanionaje?"

Akaweka kikombe chini. Akatazama mbele, jicho likatulia mahali pamoja, na nikaanza kujuta kwa nini nimeuliza.

"Wewe una kelele," akasema. "Tangu siku ya kwanza una kelele. Kule Mombasa nilikuwa mahali peusi, sijui juu wala chini. Kisha nikamsikia mwanamke mbali anagombana na nesi juu ya shuka. Nikasema, yule ni Jedidah. Nikaifuata ile sauti. Kama ungekuwa mtu wa kunyamaza, ningepotea."

Nilifungua mdomo nimjibu. Hakikutoka kitu. Yeye akangoja, akangoja vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na mimi nikakaa pale kando yake na machozi yananiingia mdomoni, sina hata neno.